Shukrani za Mzee Lokule

Ndugu zangu wa Koboko na Arua, nipeni masikio. Machozi sina tena, yaliisha. Nimebaki na maneno tu.

Mzee Lokule wa Kuluba, jirani yangu, alikuwa askari zamani, na kila kitu chake kilikwenda kwa saa. Asubuhi alijidunga sindano ya ugonjwa wa sukari, akala muhogo, akasikiliza redio huku mkewe, Mama Zam, akifagia uwanja. Dawa aliiweka kwenye friji ndogo ya sola. Aliyewaletea friji hiyo ni mwana wao Swadiki, anayefanya kazi Arua katika kampuni inayouza friji hizo. Nyumba ilikuwa imetulia.

Siku moja Mama Zam alitoa chupa ya maji kwenye friji, akakuta barafu tupu. Vichupa vya dawa navyo vilikuwa vimeganda.

"Pigia Swadiki," alisema.

"Mtoto iko kazini, tusimsumbue. Kampuni iko na namba ya wateja, mimi napiga huko," Mzee akajibu.

Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Na mnajua tunavyoongea sisi watu wa huku. Nani kwetu huanza na shida kabla ya salamu?

"Habari ya kazi? Watoto iko salama? Mimi Lokule wa Kuluba. Friji yenu iko mzuri sana, Mungu awabariki. Iko nafanya kazi kupita kipimo. Basi, kidogo tu, naleta barafu, dawa pia naganda. Lakini si neno. Asante sana."

Aliyempokea hakuwa mtu. Ni chombo cha akili mnemba, ambacho ofisini walikiita Karani. Karani husikiliza, huchagua fomu moja kati ya zile zilizoandaliwa, kama vile Hitilafu ya Haraka, Swali au Shukrani, kisha huijaza, na fomu hiyo ndiyo wanayoiita tiketi ya mteja. Lakini tiketi haiendi kwa fundi wala popote mpaka mtu aisome na kubonyeza Kubali. Mtu huyo alikuwa Swadiki.

Mwanzoni alisoma kila moja. Baadaye zilipofika mia kwa siku akawa anabonyeza tu, jicho moja kwenye mechi ya mpira simuni. Mwenzake Onzima alimwonya: "Swadiki, wazee wetu wanaficha shida chini ya asante. Soma mpaka mwisho."

"Aa, Karani amesikia."

Mvivu yule! Nasema hivyo kwa sababu nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, na ninampenda.

Karani alisikia "mzuri", akasikia "Mungu awabariki", akachagua Shukrani. Swadiki akabonyeza. Jina la baba yake lilikuwa juu ya fomu, kwa herufi kubwa.

Jibu likaingia kwenye simu ya Mzee, nami nikamsomea: "Tunashukuru kwa pongezi zako. Endelea kufurahia friji yako."

"Umesikia?" Mzee akasema. "Wakubwa nasema tuendelee. Dawa iko sawa."

Kwake amri ilikuwa amri. Nami sikubisha. Sikujua kwamba dawa ile ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka.

Siku ya nne alipiga tena. Akasalimu, akashukuru, akaongeza kwamba ana kiu kidogo na mwili hauna nguvu. Ikaandikwa Shukrani, ikabonyezwa. Siku ya sita alitapika. Siku ya nane hakuitika tena, tukamfunga kwenye bodaboda, Mama Zam amemshika kwa nyuma, mpaka hospitali. Daktari alivitazama vile vichupa, akauliza kama viliwahi kuganda. Tukasema ndiyo. Akaviweka kando. Mzee alifariki kesho yake, tukamzika baada ya swala ya adhuhuri.

Swadiki alikuja kwa mazishi. Mama yake alipomweleza juu ya zile simu mbili, aliwaka hasira, akatoa simu yake mbele yetu, akaingia kwenye kumbukumbu za kampuni.

"Nitamjua aliyempuuza baba yangu. Na kazi ataacha!"

Alitafuta jina la baba yake. Akaona.

"Ni nani, mwanangu?" Mama Zam akauliza.

Akampa mama simu, na mama hajui kusoma. Mama akanipa mimi. Ilikuwa imeandikwa: Fomu ya Shukrani, imekubaliwa na Swadiki. Zote mbili. Nikasoma kwa sauti, kwa kuwa sikujua lingine la kufanya.

Mama Zam aliniomba nirudie. Nikarudia. Mpaka leo anampikia Swadiki akija, anamwekea sahani, lakini neno "mwanangu" halimtoki tena.

FUNZO

Chombo kijaze fomu, sawa, kazi ni nyingi. Lakini ukiwekwa hapo usome, soma, maana jina lako ndilo linaloandikwa chini. Kila tiketi ni ya mzazi wa mtu. Nasi wazee, jamani, tukiwa tunaumia tuanze na maumivu. Salamu zitasubiri.