Ukuta wa Nyapara

Haya yalimpata rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliyekuwa akiandika historia ya reli ya milimani. Babu yake alikuwa nyapara wa ujenzi. Tawi la handaki lilipoporomoka, aliamuru lizibwe kwa mawe huku vibarua wakingali wanagonga ndani, ili reli ifunguliwe kwa wakati.

Adhuhuri moja mwalimu akaenda kuupiga picha ukuta huo.

“Mwanangu, usiingie,” mlinzi wa kituo akamwonya. “Humo ukoo wenu haujasahaulika.”

“Mzee, wafu hawana kinyongo,” akacheka, akaingia.

Ndani giza totoro, maji yakidondoka. Alipoufikia ukuta alisikia nyundo: ko, ko, ko, taratibu, kama ya fundi asiye na haraka. Akatega sikio kwenye mawe. Kimya. Sauti ilitoka nyuma yake, kule alikoingilia.

Akatimua mbio kuufuata mwanga, nao ukizidi kupungua. Mdomo wa handaki ulikuwa umejengwa kwa mawe hadi kifuani! Akayaparamia mawe hayo, akaangukia nje juani.

Mlinzi aliapa kwamba hakuona mtu. Lakini saruji iliyomnata mwalimu viganjani ilikuwa bado mbichi.