Wino Katika Chupa ya Jongoo

Walikutana stendi ya Mbeya mwanzo wa mvua za mwaka hamsini na tatu, kopo la kijana Asukile lilipofunguka na majongoo wakamwagika miguuni pa abiria. Akina mama walikimbia na vikapu vyao. Verediana, fundi cherehani mzaliwa wa Iringa, aliinama na gauni lake la maua akawaokota.

"Kamwene, dada," Asukile akamwamkia Kihehe. "Huwaogopi?"

"Namwogopa mwanamume anayetembea nao."

Stendi nzima ilijua mambo yao kabla ya wenyewe kujua.

Asukile aliwakusanya kwa ajili ya mtaalamu mmoja wa majongoo, Mzungu aliyekaa Iringa. Mwezi wa tatu akarudi toka milimani na dume mmoja ndani ya chupa ya spiriti.

"Jongoo anatambuliwa kwa miguu ya dume ya kupandia, pingili ya saba. Ya huyu haifanani na ya jenasi yoyote, yaani ukoo wowote unaojulikana. Mtaalamu akimwandika kuwa mpya, napata kazi ya kudumu, na barua ya posa inakwenda kwa baba yako."

Chupani mlikuwa na kikaratasi cha penseli chenye mahali na tarehe, kimekunjamana. Verediana alikionea haya. Asukile alipolala, akakinakili kwa wino, hati safi aliyofundishwa na masista, akakibadilisha. Asubuhi Asukile akaipeleka chupa Iringa.

Jumatano Verediana akaitwa posta, simu toka Iringa.

"Vere, nani kagusa chupa yangu?"

"Mimi, mpenzi. Si imependeza?"

Waya ukakoroma.

"Spiriti imekula wino wote. Ndiyo maana tunaandika kwa penseli. Jongoo hana mahali wala tarehe, na mtaalamu hataki kumbukumbu, anataka kilichoandikwa porini. Ijumaa saa sita anarudi kwao."

"Asukile, ile karatasi ya kwanza..."

Alishakata.

Karatasi ile ya penseli ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha Verediana. Angeitupaje, na ni mwandiko wa Asukile? Alhamisi alfajiri akapanda basi la Iringa. Likazama tope mara mbili. Abiria wakasukuma, naye akasukuma.

Ijumaa, saa sita kasorobo, mizigo ilishafungwa kwenye gari. Verediana alimkabidhi mtaalamu karatasi, tope magotini. Mzungu akaisoma, akaitazama chupa, akafungua sanduku akatoa daftari, akaanza kumwandika jongoo.

Asukile alichana kipande cha karatasi, akaandika kwa penseli, akampa Verediana: *Verediana. Stendi ya Mbeya. Aliokotwa na Asukile.*

"Mwongo. Aliyeinama kuokota ni mimi."

Akafuta, akasahihisha.

"Na barua ya baba?" Verediana akauliza.

"Naiandika leo. Kwa penseli, na usiiguse."