Kompyuta ya Marehemu Agapiti

Mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Noela alikuwa ameufuta jana yake ulikuwa bado unaonekana.

Aliiwasha tena kompyuta kwenye kibanda chake cha ufundi huko Mlabani, mchana, mvua ikinyesha, na majina mawili ya mifumo yakatokea yakisubiri achague. Lilipaswa kubaki moja tu. Kompyuta hiyo mpakato ilikuwa ya Agapiti, kijana aliyezama katika mto Kilombero. Mama yake, Marsiana, ndiye aliyeileta, kwa sababu kila ikiwashwa skrini ilizima. Noela aligundua kuwa mfumo mmoja ndio unaogombana na skrini. Kuurekebisha kulitaka subira, naye alikuwa na haraka. Akaufuta bila kutazama ndani, kisha akampigia mama yule simu: "Upande ule haukuwa na kitu, mama."

Sasa akalichagua jina la ule aliokuwa ameufuta. Skrini ikazima. Harufu ya matope ya mto ikajaa kibandani, feni ya kompyuta ikaanza kuhema kama mtu anayepigania pumzi, na katika weusi ule wa skrini akamwona, nyuma ya bega lake, mtu anayechuruzika maji, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na nyuma yake hapakuwa na chochote ila ukuta.

"Umeniweka wapi?" spika zikanong'ona.

Noela alikimbia hadi kwa Marsiana, akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Nilikudanganya. Sikutazama ndani. Nimefuta kila kitu."

"Alikuwa anajirekodi akiimba Kindamba," Marsiana akasema. "Nilitaka sauti yake tu."

Walirudi kibandani na mzee Marcelino, mganga wa Katindiuka. Mzee akafukiza dawa, akasikiliza, uso ukambadilika.

"Huyu siye kijana," akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini la mtoni, limekuta patupu likaingia. Mama, liulize ulikuwa unamwitaje mwanao nyumbani."

Marsiana akauliza. Spika zikakoroma, kisha sauti ikatoka, sauti ya Agapiti kabisa: "Mama. Nasikia baridi."

"Umeona?" mzee akasema. "Jina halijui. Sogeeni nilitoe."

Marsiana akaifunga kompyuta, akaifunika kwa khanga. "Amesahau tu. Mtu akikaa sana majini husahau."

"Mama, siye yeye," Noela akanong'ona.

Marsiana akamtazama bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomkata Noela maini. "Mmoja umenifutia, mwanangu. Huyu niachie."

Akaikumbatia kifuani, akatoka kwenda kusimamisha bajaji. Maji ya matope yalikuwa yakichuruzika kutoka ndani ya ile khanga, yakimlowesha gauni hadi miguuni, naye hakuyatazama.

"Binti, mzuie!" Marcelino akasema. "Wewe amekuita mwanangu, atakusikia."

Noela akafungua mdomo. Bajaji ikaondoka, naye bado hajapata neno ambalo yeye, aliyeifuta sauti ya mwanawe, angeweza kumwambia.