Mwanafunzi wa Chumba cha Ndani

Mara ya kwanza mke wa Sare alidhani ni redio. Alikuwa anaanika nguo uani, akasikia mwalimu wa sataranji akiuliza kwenye simu, chumba cha ndani, "Nyeupe icheze nini hapa?" Sauti nyingine, nyembamba, ikajibu, "Farasi." Mwalimu akaendelea, "Naam, farasi." Aliposukuma mlango hakukuta mtu. Palikuwa na simu juu ya kiti, na harufu ya nywele zilizoungua.

Mumewe alikuwa kinyozi. Wateja walimwita Sare, kwa kuwa kila alipokaribia kushindwa sataranji pale kibandani aliomba mchezo uishe sare. Aliyemwonea zaidi ni baba mkwe wake, tarishi mstaafu mwenye mikono ya kutetemeka, aliyekuja kunyolewa na kumfunga huku akimwomba radhi. Sare alichoka kuchekwa. Akalipia mafunzo ya mtandaoni kimyakimya, kwa fedha ambazo mkewe alijua ni za kuezekea jiko.

Kulipa hakukumshinda. Kusikiliza ndiko kulikomshinda. Somo jipya halikufunguka mpaka la nyuma liishe, naye alikuwa na haraka ya kufika mwisho, basi kila asubuhi aliiacha simu yake ya zamani ikifundisha chumba kitupu, akaenda zake kazini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini yeye aliituma simu iiname kwa niaba yake.

"Baba watoto, unamfundisha nani mle ndani?" mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hamna mtu mle."

"Anajibu. Na hakosei."

Sare akacheka, lakini wiki ile ile akaanza kushinda. Vidole vya baridi vililala juu ya vidole vyake, mkono ukajiendea wenyewe ubaoni. Alijua kabisa kwamba si yeye. Wateja waliposhangaa, alijibu, "Ni mafunzo, jamani. Lipieni na nyie."

Mchana mmoja, kibanda kimejaa watu, mzee, baba mkwe wake, alipoketi na kupanga askari wake kwa shida, Sare alisikia harufu ile ikipanda kutoka chini ya meza, na vidole vya baridi vikamkamata mpaka mifupa ikauma, vikamla mzee askari mmoja baada ya mwingine bila haraka, vikakataa kuumaliza mchezo uliokwisha zamani, vikamkimbiza mfalme wake pembe hadi pembe huku watu wakicheka na mzee akiinua macho kumtazama mkwewe kama anayeuliza kosa lake, na kinywa cha Sare mwenyewe kikafunguka, kikasema kwa sauti nyembamba isiyo yake, "Nenda kalale, kizee."

Kicheko kikakatika. Mzee akavaa kofia, kidevu kimenyolewa nusu, akaondoka.

Tangu siku hiyo Sare aliona haya kujitazama, naye ni kinyozi, vioo vimemzunguka. Mwishowe mkewe alimpeleka kwa mganga, mama mmoja mpole aliyemsikiliza bila kumkatiza.

"Hakuna aliyekutumia uchawi," mganga alisema. "Darasa umelilipia, ukaliacha tupu. Limeingia jini, likasoma. Sasa linataka mkono wa kuchezea. Mwite mzee, na kabla hamjagusa ubao mwambie yote, kwamba ulilipa, hukusoma, na ushindi haukuwa wako. Aibu hiyo ndiyo dawa, sina nyingine. Ukiificha, litahamia mkono mwingine tu."

Mzee alikubali kuja kwa ajili ya binti yake. Wateja walijipanga ukutani, mke akasimama mlangoni.

"Baba, nisamehe kwa maneno yale," Sare alisema.

"Yameisha, mwanangu."

Hapo ndipo pa kusema. Akawaza watu wale watakavyovunjika mbavu kusikia kwamba simu ilikuwa ikisoma peke yake. Mkewe alimkazia macho, akisubiri.

"Tuanze, baba," akasema Sare.

Mkono wake ulikuwa mwepesi, una joto, wake mwenyewe. Alicheza ovyo kama zamani, na kwa raha alitaka kulia. Mzee alimfunga upesi kuliko siku zote. Watu wakapiga makofi, lakini mzee hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake, uliotulia tuli juu ya meza, bila kutetemeka.

"Mwanangu," akanong'ona, "kuna mtu kanishika mkono. Hebu nitazamie."

Sare hakuthubutu kumtazama mkewe.

"Ni uzee tu, baba," akasema.