Joto la Beni na homa ya Rébecca

Mchana hewa ya Beni ilitetemeka juu ya kakao iliyoanikwa uani. Solange alikuwa amemaliza kusonga fufu. Alikaa mlangoni akimpakata binti yake wa mwaka mmoja, Rébecca, aliyelala, naye mwenyewe akasinzia. Katika usingizi aliona ukungu wa Butembo ukishuka kilimani, polepole, bila sauti. Walikuwa wamehamia Beni kutoka Butembo miezi miwili tu iliyopita.

Jirani yao, mama Orpa, muuguzi, akapita.

"Mama Rébecca, mutoto analala saa hii?"

"Ni joto ya huku, mama. Sisi ni batu ya baridi. Beni inatupika kama ndizi."

"Hata miye naiva," akasema Mathe, mume wa Solange, akigeuza kakao.

Orpa hakucheka. "Tangu lini mutoto iko na joto hivi?"

"Jana. Lakini nimemugusa sasa hivi, joto imeshuka."

"Umemugusa na mukono ya kutoka kwa sufuria? Mukono ya moto inadanganya, mwili inaonekana baridi."

Orpa akaleta kipimajoto alichopewa na mtawa Mhispania. Akakiweka kwapani mwa mtoto. Wakasubiri. Kikalia: 39,4.

"Musikilize. Mwili ya mutu mwenye hana ugonjwa iko karibu na 37, Butembo ao Beni. Hewa inabadilika sana, mwili hapana. Ikifika 37 na nusu chini ya kwapa, ni homa."

Karatasi ya kipimajoto ilikuwa ya Kihispania. Orpa akaonyesha maneno mawili. "Temperatura ni kiasi ya joto. Hata ukuta iko nayo. Fiebre ni homa. Ukuta haiuguake homa."

"Basi tungoje kakao ikauke, kisha twende kituo ya afya?" akauliza Mathe.

"Hapana! Inaweza kuwa malaria, na malaria inaua mutoto mbio. Twende sasa."

Mathe akaacha kakao juani, akaita pikipiki. Kwenye kituo cha afya walipima damu ya Rébecca. Ilikuwa malaria. Akapewa dawa ya siku tatu.

"Mumalize yote, hata akianza kucheka," akasema Orpa. "Na alale ndani ya neti kila siku."

Siku ya nne jua lilikuwa kali kuliko siku ile ya homa. Solange alitandaza mkeka kivulini, akaweka kipimajoto cha Orpa kwapani mwa Rébecca, akahesabu pumzi zake hadi kikalia.

36,8.

Rébecca akakinyakua, akataka kukitia mdomoni.

"Mwizi!" akasema Orpa, aliyekuwa amekaa kando yao. "Huyu amepona."