Mahali Pasipofika Sakitu

Inspekta alipofika kwenye machimbo ya kokoto, jua ndiyo kwanza linachungulia, alikuta tingatinga la magurudumu limeingia kibandani kwa mlinzi kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Lilikuwa limeshuka mteremko wote kutoka maegeshoni. Mlinzi alikuwa ameshachukuliwa na gari la wagonjwa, mguu umevunjika. Baridi ilipenya mpaka kwenye mifupa. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeanguka usiku kucha, na uwanja mzima ulikuwa mweupe kama ulionyunyiziwa chumvi.

Inspekta alivua glavu, akaweka kiganja kwenye kifuniko cha injini, akakiacha hapo kidogo.

Msimamizi wa machimbo, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo hapo getini, alikuwa na maelezo tayari. Alisema aliamshwa na kishindo, akatoka mbio, akamvuta mlinzi kutoka chini ya mbao na kupiga simu hospitali. Kosa lilikuwa la dereva, alisema. Jana jioni aliliegesha tingatinga kizembe, koleo la mbele kaliacha juu, magurudumu hakuyawekea kabari, likateleza lenyewe. Kama Inspekta haamini, kabari ziko stoo, hazikuguswa.

Baadaye kidogo lori la wafanyakazi likaingia, na dereva akashuka. Wenzake walimwita Taratibu, maana asubuhi za baridi hakubali kugusa gia kabla injini haijapata joto na upepo unaoendesha breki haujajaa. Alipokiona kibanda, alikikimbilia akimwita mlinzi. Mlinzi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Jana uliliegesha vipi?" Inspekta alimuuliza.

"Kama siku zote, afande. Magurudumu juu ya mbao yasigandie kwenye tope, koleo chini, breki ya mkono, kabari mbele na nyuma."

"Una hakika?"

Taratibu alilitazama koleo lililoinuka juu ya paa lililopasuka. "Nilikuwa nayo mpaka sasa hivi," alisema polepole. "Labda uzee umeniingia. Mke wangu nitamwambia nini?"

Msimamizi akamvuta Inspekta pembeni na kumnong'oneza kwamba, kama si uzembe, basi fundi wa mitambo naye achunguzwe, kwani juzi aligombana na mlinzi. Fundi hakukana. Walitupiana maneno kwa sababu mlinzi alimzuia kutoka na dumu la mafuta machafu, lakini usiku alilala kwa dada yake, na asubuhi alipanda lori pamoja na wenzake. Wote waliafiki. Tena, alisema fundi, yeye ufunguo wa tingatinga hana. Mmoja anao Taratibu, mwingine uko ofisini kwa msimamizi.

Inspekta alipanda mteremko mpaka maegeshoni na kuwaita wote watatu. Pale tingatinga lilipolala, mbao bado zilikuwapo. Kila mahali palikuwa peupe isipokuwa vipande vichache vya udongo mweusi, mkavu. Kimoja kilikuwa kipana, chenye alama za meno ya koleo. Vingine vilikuwa vidogo, viwili viwili, mbele na nyuma ya nafasi ya kila gurudumu.

Akaenda stoo, akarudi na kabari moja. Ubavu wake wa juu ulikuwa mweupe kwa sakitu.

"Stoo ina paa," alisema. "Sakitu hii imeipatia wapi?"



"Hizi zililala nje, chini ya magurudumu, na koleo nalo lilikuwa chini mpaka alfajiri. Koleo halijiinui, linahitaji injini. Nami nilipofika injini ilikuwa bado ya vuguvugu. Taratibu na ufunguo wake walikuwa ndani ya lori." Akamgeukia msimamizi. "Umebaki ufunguo wako."

Msimamizi alitazama chini. Alipoanza kusema hakusita tena. Tajiri wa machimbo alikuwa anakuja asubuhi hiyo na wageni wa kazi mpya, na alikuwa amemwonya: akikuta mtambo unapashwa moto badala ya kufanya kazi, atatafuta msimamizi mwingine. Basi akaondoa kabari, akawasha, akainua koleo, akaachia breki ya mkono na kuliondoa papo hapo.

"Nilikanyaga breki, hakuna kitu. Upepo haujajaa. Usukani mzito kama jiwe. Nikaruka," alisema. "Mlinzi nikamtoa pale kwa mikono yangu, afande. Kisha nikaogopa, nikazificha kabari."

"Kumtoa kwako nitakuandikia," alisema Inspekta. "Na kumsingizia mwenzako pia."

Askari aliyefuata na gari la polisi alipomwongoza msimamizi garini, Taratibu bado alikuwa amesimama kando ya mbao, anazitazama zile alama za meno udongoni. Inspekta alimpa nafasi kwenye gari lake mpaka hospitali.

Wodini mlinzi alikuwa macho, mguu umefungwa plasta. Mkewe Taratibu alikuwa ameketi kando ya kitanda, na mumewe akabaki mlangoni, kofia mkononi. Inspekta akaeleza yaliyotokea kwa maneno machache. Mke aliinuka, akamshika mumewe mkono, akamkalisha kwenye kiti chake.

Mlinzi alimtazama shemeji yake. "Daktari anasema nitatembea," alisema. "Ila kwa sasa nitakuwa nakwenda polepole kuliko wewe. Hebu fikiria aibu hiyo."

Taratibu alicheka, kisha akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika kwa muda.