Bustani Isiyopimwa

Siku bibi alipofariki, hakuna aliyekumbuka kumwagilia bustani. Kesho yake ikapita hivyohivyo. Ilipofika wiki ya tatu, mjukuu wake alikuwa akipita mlango wa nyuma huku ameangalia pembeni, kama mtu anayekwepa kusalimia.

Nyumbani walimwita Karani, kwa sababu kalamu haikumtoka sikioni. Sasa walibaki wawili tu, yeye na babu yake, fundi cherehani mstaafu ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na vivuli basi. Bibi alizoea kumsimulia babu bustani kila jioni: bamia imetoa maua, mchicha umetobolewa na wadudu. Siku hizi babu alimuuliza Karani.

"Bustani ya mwenzangu haijambo?"

"Haijambo, babu," Karani alijibu.

Jumatano, shuleni, mwalimu wa Kiswahili aliwataka wanafunzi waandike mwanzo wa hadithi, waeleze mandhari na mimea ya mahali wanapopafahamu. Karani alikaa jikoni, mlango wa nyuma ameufunga, akaandika bila kunyanyua kichwa. Alipomaliza akamsomea babu.

"'Bustani ya bibi ilitandikwa zulia la kijani kibichi. Upepo mwanana ulivuma. Maua ya kila rangi yalitabasamu, huku ndege wakiimba nyimbo tamu.'"

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Hao ndege wamehamia lini? Miaka arobaini hapa nimemjua kunguru mmoja tu, tena mwizi wa sabuni."

"Mwalimu anapenda maneno matamu, babu."

"Matamu, sikatai. Lakini hii nguo umeishona bila kumpima mtu. Itamkaa nani? Nipe mkono, twende ukanipimie hiyo bustani."

Karani hakuinuka. "Jua kali, babu."

"Limeshapoa, nalijua kwa ngozi yangu."

Akakosa pa kukimbilia. "Imekauka," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nakudanganya. Kila nikitaka kumwagilia, nikiona pale bibi alipokuwa anainama, nashindwa."

Babu aliutafuta mkono wake. "Hata mimi nilikuwa naogopa kwenda," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nauliza tu. Haya, simama, twende wote."

Wakatoka wameshikana mikono.

"Niambie."

"Kumekauka, babu."

"Kumekauka vipi? Hata shati hukauka."

Karani akachuchumaa na kutazama kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mchicha umelala chini, umekuwa na rangi ya kaki. Bamia zimekomaa zikapasuka, ukizitikisa zinalia. Mrehani umebaki vijiti." Akasogeza uso karibu zaidi. "Ngoja. Chini kabisa, kwenye shina, kuna majani mawili. Madogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho."

Babu alipiga magoti taratibu, akayapapasa, kisha akanusa vidole vyake kwa muda mrefu.

"Sasa nimeona," alisema. "Ukitaka mtu aone, mjukuu wangu, anza kuona wewe. Na palipoharibika useme pameharibika. Ungeniambia mapema, tungeleta maji mapema. Maneno mazuri yaliyofunika uongo hayamwagilii kitu."

Karani alijaza ndoo. Baadaye aliichana insha ya kwanza na kuandika nyingine, fupi, yenye mchicha wa rangi ya kaki na majani mawili ya mrehani. Mwalimu aliisoma mara mbili mbele ya darasa, kisha akauliza, "Hapa ni wapi? Nimetamani kupeleka maji."

"Nyumbani, mwalimu," Karani alijibu. "Tumeshapeleka."

Siku hizi Karani humwagilia ndoo mbili kabla ya kwenda shule, na jioni humsomea babu sentensi tatu alizoandika kuhusu bustani. Mchicha uliopandwa upya umefika kwenye kifundo cha mguu, isipokuwa mstari wa mwisho, ambao umeliwa na kuku wa jirani.